Jimbo la Wakulima Lililompa Kiongozi Kiti

Siku ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti, 2025, wapiga kura wa jimbo la uchaguzi la Battle River–Crowfoot, magharibi ya Kanada, walipewa vituoni karatasi ya kura isiyokuwa na jina la mtu hata mmoja. Palikuwa na nafasi tupu tu, na kila mwananchi alitakiwa aandike kwa mkono wake mwenyewe jina la yule amtakaye. Mambo yalifanywa hivyo kwa sababu wagombea walikuwa 214, idadi ambayo haikuwa imepata kuonekana hapo kabla katika uchaguzi wowote wa Bunge la nchi ile.

Kura zilipohesabiwa usiku, ilidhihirika kwamba watu zaidi ya 40,000 walikuwa wameandika jina moja, nalo ni la Pierre Poilievre, kiongozi wa chama cha Conservative. Alijipatia asilimia 80 na ushei ya kura zote. Aliyemfuatia alikuwa Bonnie Critchley, mwanajeshi wa zamani aliyesimama bila chama, ambaye alipata karibu kura moja katika kila kumi. Mgombea wa chama cha Liberal, chama kilichokuwa kikiongoza serikali, aliambulia kiasi cha asilimia nne tu.

Mtu asiyeijua nchi ile angeweza kusema kwamba siku hiyo hapakuwa na uchaguzi, bali palikuwa na sherehe ya kumthibitisha mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Sisi twaona vingine. Kwa maoni yetu, jimbo ambalo matokeo yake hujulikana kabla ya kura kupigwa lina mengi ya kutufundisha juu ya maana ya kuwakilishwa, na hasa juu ya swali hili: je, kiti cha uhakika ni nguvu ya mpiga kura, au ni udhaifu wake? Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kuitazama kwanza nchi yenyewe, kisha watu wake, na mwisho historia yao ya miaka mia moja iliyopita.

NCHI YA NGANO NA MAFUTA

Battle River–Crowfoot iko upande wa mashariki wa mkoa wa Alberta, na inapakana na mkoa wa Saskatchewan. Eneo lake lapita kilomita za mraba 50,000, yaani halipungui sana kwa ukubwa nchi za Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Lakini wakaazi wake, kwa hesabu ya mwaka 2021, walikuwa wapatao 110,000 tu. Mwenye kusafiri huko huweza kwenda mwendo mrefu kwa gari pasipo kuona kitu ila mashamba, nyua za ng'ombe, maghala marefu ya nafaka, na pampu za mafuta zikiinama na kuinuka katikati ya ngano.

Jina la jimbo lina asili mbili. Battle River ni mto upitao kaskazini ya jimbo, na jina lake lina maana ya Mto wa Vita, kwa ajili ya mapigano ya zamani baina ya watu wa Cree na watu wa Blackfoot. Crowfoot naye alikuwa chifu mashuhuri wa Wasiksika, mojawapo ya mataifa ya Blackfoot. Yeye alitia sahihi mkataba wa mwaka 1877 ambao Wakanada huuita Mkataba wa Saba, na alifariki mwaka 1890. Mkataba ule ndio ulioifungua ardhi ya kusini ya Alberta kwa reli na kwa walowezi. Hivyo jimbo hili la wakulima linabeba jina la mtu aliyekuwa mkuu wa nchi kabla jembe la kwanza halijaigusa.

Mji mkubwa kuliko yote ni Camrose, wenye watu zaidi ya 18,000, ulioko kusini-mashariki ya Edmonton, makao makuu ya mkoa. Walowezi wa Kinorwe walianzisha hapo chuo chao mwaka 1910, na chuo hicho leo ni tawi la Chuo Kikuu cha Alberta. Mashariki zaidi uko mji wa Wainwright, wenye kambi kubwa ya mazoezi ya jeshi la Kanada. Ardhi ya kambi hiyo ilipata kuwa hifadhi ya nyati wa Amerika, iliyoanzishwa mwaka 1909 ili kuwaokoa wanyama hao wasitoweke kabisa, na baadaye ikakabidhiwa jeshi.

Mji wa Hardisty ni mdogo sana kwa idadi ya watu, lakini ni mkubwa katika biashara ya mafuta. Hapo yamejengwa matangi makubwa ya kuhifadhi mafuta ghafi, na hapo huanzia bomba la Keystone lipelekalo mafuta Marekani. Bomba jingine, Keystone XL, lilitazamiwa kuanzia hapo hapo. Lakini tarehe 20 Januari, 2021, siku ile ile ya kuapishwa kwake, Rais Joe Biden wa Marekani alikifuta kibali chake. Watu wa Hardisty walijifunza siku hiyo kwamba riziki yao yaweza kukatwa kwa kalamu ya mtu aliye katika mji mkuu wa nchi nyingine.

Upande wa kusini-magharibi uko mji wa Drumheller, katika bonde la mto Red Deer, ambako maji na upepo vimeila ardhi hata ikabaki miamba mitupu yenye maumbo ya ajabu. Mwaka 1884 mtaalamu wa miamba Joseph Tyrrell aligundua katika eneo hilo fuvu la dinosaria mla nyama. Jumba la makumbusho lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 1985, huwavuta wageni kutoka pembe zote za dunia. Lakini kabla ya dinosaria, Drumheller iliishi kwa makaa ya mawe: baina ya mwaka 1911 na 1979 migodi 139 iliandikishwa katika bonde lile. Watu walipoacha kuchoma makaa majumbani na katika treni, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Halafu kuna Hanna na nyika kavu iliyouzunguka mji huo. Huko ukame wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ukifuatiwa na ule wa miaka ya 1930, uliwafukuza walowezi kwa maelfu. Mashamba yalitelekezwa, shule zikafungwa, na halmashauri za mitaa zikafilisika. Mwaka 1938 serikali ya mkoa ilitunga sheria maalumu, ikaichukua ardhi hiyo, yenye hekta zaidi ya milioni mbili, na kuiweka chini ya bodi maalumu. Utaratibu huo unaendelea hata leo, na ardhi kubwa hukodishwa kwa wafugaji. Watu wa sehemu hizo hawakuambiwa na vitabu kwamba nchi yaweza kumkataa mtu. Wamesimuliwa na babu zao waliobaki.

KITI KILIACHWAJE WAZI?

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Aprili, 2025, chama cha Liberal cha Mark Carney kilipata viti 169 kati ya 343, na chama cha Conservative viti 144. Poilievre alikosa uwaziri mkuu, na juu ya hayo akakosa hata kiti chake mwenyewe. Jimbo la Carleton, karibu na Ottawa, ambalo alikuwa akiliwakilisha eneo lake tangu mwaka 2004, lilimchagua Bruce Fanjoy wa chama cha Liberal kwa tofauti ya kura zaidi ya 4,000. Kiongozi wa upinzani akawa hana mahali pa kukaa bungeni, na ikambidi mwenzake, Andrew Scheer, aongoze upinzani kwa muda.

Usiku ule ule wa Aprili, huko Battle River–Crowfoot, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mbunge wa chama cha Conservative, Damien Kurek, mkulima wa upande wa Consort, alikuwa amepata kura zaidi ya 53,000, sawa na asilimia 82 na ushei. Siku chache baadaye alitangaza kwamba yu tayari kukiacha kiti chake ili kiongozi wake apate njia ya kurudi bungeni. Alijiuzulu mwezi wa Juni. Kwa kuwa alikuwa amechaguliwa mara ya kwanza katika Oktoba 2019, alikuwa hajatimiza miaka sita, na kwa sheria ya Kanada mbunge asiyetimiza miaka hiyo hapati malipo ya uzeeni. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kitendo chake hakikumgharimu kitu.

Desturi hii si ngeni katika Kanada. Waziri Mkuu Mackenzie King alishindwa katika jimbo lake la Ontario mwaka 1925, akaenda kutafuta kiti Prince Albert, katika Saskatchewan, akakipata mwaka 1926. Wananchi wa huko walimweka hadi mwaka 1945 walipomkataa, naye akarudi Ontario kutafuta kiti kingine. Brian Mulroney alipewa kiti cha Central Nova mwaka 1983 baada ya mwenyewe kukiacha. Na Jean Chrétien akapewa cha Beauséjour mwaka 1990. Kwa hiyo Poilievre alipita njia iliyokwisha kukanyagwa na wakubwa wa vyama vyote viwili.

Hata hivyo, jambo kuwa la desturi si hoja ya kutosha kwamba watu hawalijali. Poilievre alizaliwa Calgary mwaka 1979 na kukulia huko, kwa hiyo si mgeni katika Alberta. Lakini utu uzima wake wote wa siasa ulikuwa Ottawa, na Calgary si Consort. Bonnie Critchley alilishika neno hilo akalifanya kiini cha kampeni yake: kwamba jimbo hili lina matatizo yake, na linastahili mbunge atakayelifanyia kazi lenyewe, asiyelihitaji kama ngazi ya kupandia mahali pengine. Swali hilo hilo lilisikika katika mkutano wa wagombea uliofanyika Camrose mwishoni mwa Julai. Poilievre kwa upande wake alizunguka miji ya jimbo majira yote ya kiangazi, akihudhuria maonyesho ya kilimo na mikutano ya vijijini, akieleza kwamba kiongozi wa chama ataipaza sauti ya jimbo mbali zaidi kuliko mbunge wa kawaida.

WAGOMBEA 214

Twarudi sasa kwenye ile karatasi tupu. Wengi sana wa wagombea wale 214 hawakuwa wakaazi wa jimbo, wala hawakutazamia kushinda. Waliletwa na kundi lijiitalo Kamati ya Karatasi Ndefu ya Kura. Madai ya kundi hilo ni kwamba wanasiasa wasiachiwe kujitungia wenyewe sheria za uchaguzi, bali kazi hiyo ikabidhiwe chombo huru cha wananchi.

Mfumo wa Kanada ni ule ulioachwa na Waingereza, na wasomaji wetu wa Kenya, Tanzania na Uganda wanaujua vizuri: nchi hugawanywa majimbo, na katika kila jimbo apataye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mbunge, hata kama hakufikia nusu ya kura. Wanaoupinga husema kwamba katika jimbo kama Battle River–Crowfoot, mtu asiyekipenda chama cha Conservative hupiga kura maisha yake yote bila ya kura hiyo kumchagua mtu yeyote. Husema pia kwamba hata yule akipendaye chama hicho hana faida kubwa, maana kura ya 40,000 haiongezi kitu juu ya kura iliyotosha kushinda.

Sheria ilikuwa rahisi. Mgombea alihitaji sahihi za watu 100 tu, na mtu mmoja aliweza kuwatilia sahihi wagombea wengi. Amana ya dola 1,000 iliyokuwa ikitakiwa zamani ilitenguliwa na mahakama mwaka 2017. Katika Carleton, mwezi wa Aprili, wagombea walikuwa 91 na karatasi ya kura ilikuwa na urefu wa karibu mita moja. Kwa watu 214, Idara ya Uchaguzi iliona kwamba karatasi ya namna hiyo haiwezekani tena, ikaamua kila mtu aandike jina. Orodha ya wagombea iliwekwa vituoni, na ilitangazwa kwamba herufi zikikosewa, kura haitaharibika maadamu nia ya mpiga kura yafahamika.

Wenyeji wengi hawakupendezwa. Critchley mwenyewe, ambaye angeweza kudhaniwa kuwa mmoja wa wale wa karatasi ndefu kwa kuwa hakuwa na chama, aliliandikia kundi hilo barua ya wazi akiliomba liondoke. Alikuwa na haki ya kulalamika, maana mtu wa kweli wa mahali pale alikuwa amefichwa ndani ya umati wa majina. Poilievre naye aliitaka serikali ibadilishe sheria ili sahihi ziongezwe na mtu asiruhusiwe kumdhamini zaidi ya mgombea mmoja.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Kudai haki ya uchaguzi kwa kuusumbua uchaguzi wa watu wengine ni njia isiyo na adabu. Lakini kero iliyozaa jambo hilo haikubuniwa. Na wananchi wenyewe walitoa jibu lililo bora kuliko yote: karibu asilimia 59 yao walikwenda vituoni katikati ya kiangazi, wakati shamba halina nafasi, wakachukua kalamu na kuandika. Kwa uchaguzi mdogo ambao mshindi wake alijulikana mapema, mahudhurio hayo si haba.

MIAKA MIA YA MAASI YA KURA

Wako wasemao kwamba watu wa nchi hii hupiga kura kwa mazoea tu, kama ng'ombe wafuatao njia ya kisimani. Takwimu za karibuni zaweza kuwapa nguvu wasemao hivyo. Mwaka 2015 chama cha Conservative kilipata hapa kiasi cha asilimia 81, ingawa nchini kote kiliangushwa. Mwaka 2019 asilimia 85. Mwaka 2021 asilimia 71. Na Aprili 2025 asilimia 82.

Lakini tukirudi nyuma zaidi twaona picha nyingine. Mipaka na majina ya majimbo yamebadilika mara nyingi, ila nchi ni ile ile. Na nchi hiyo, katika karne moja, imevitupa vyama ilivyoviamini mara nne.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1921. Wakulima walikuwa wakiuza ngano kwa bei ya soko la dunia, lakini wakinunua majembe na mashine kwa bei zilizokingwa na ushuru kwa faida ya viwanda vya Ontario na Quebec. Nauli za reli nazo ziliwaumiza. Wakaviacha vyama vya zamani vyote viwili, na jimbo la Battle River likampeleka Ottawa Henry Spencer, mtu wa chama cha wakulima. Mwaka huo huo wakulima walishika pia serikali ya mkoa.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1935. Bei ya ngano katika soko la Winnipeg ilikuwa imeshuka mwaka 1932 hata chini ya senti 40 kwa busheli, na vumbi lilikuwa limefunika mashamba. Akatokea mwalimu na mhubiri wa redio, William Aberhart, aliyewaahidi watu wazima wote wa Alberta dola 25 kila mwezi. Chama chake cha Social Credit kikawaangusha wakulima waliokuwa serikalini, na katika uchaguzi wa Bunge la nchi kikachukua viti 15 kati ya 17 vya mkoa. Battle River ikamweka Robert Fair, naye akakaa hadi alipofariki mwaka 1954.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 1958. John Diefenbaker, mtu wa Saskatchewan, alishinda viti vyote 17 vya Alberta kwa chama cha Progressive Conservative. Serikali yake iliwafungulia wakulima soko la ngano katika China mwaka 1961, na fadhila hiyo ilikumbukwa miaka mingi.

Mara ya nne ilikuwa mwaka 1993. Kwanza serikali ya Pierre Trudeau ilikuwa imewakasirisha watu wa Alberta kwa mpango wake wa nishati wa mwaka 1980, ulioiingizia Ottawa sehemu kubwa zaidi ya pato la mafuta. Kisha chama cha Progressive Conservative, walichokitumaini, nacho kikaonekana kuijali Quebec kuliko magharibi, hasa mwaka 1986 kilipowapa watu wa Montreal kazi ya kutengeneza ndege za jeshi badala ya watu wa Winnipeg. Mwaka 1993 jimbo la Crowfoot likahamia chama kipya cha Reform. Chama cha Progressive Conservative, kilichokuwa kikitawala nchi nzima, kikabakiwa na viti viwili tu. Miaka kumi baadaye mabaki yake yaliungana na warithi wa Reform, na hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Conservative cha sasa.

Twafahamu basi kwamba watu hawa si wa kulala. Wao hupiga kura karibu wote pamoja, na wakigeuka, hugeuka wote pamoja. Hata ile asilimia 71 ya mwaka 2021 ilikuwa dalili: wengi walichukizwa na amri za wakati wa maradhi ya korona, na chama cha People's Party kilipata zaidi ya kura moja kwa kumi. Na mwezi wa Juni 2025, katika uchaguzi mdogo wa bunge la mkoa uliohusu mji wa Three Hills, mgombea wa chama kinachotaka Alberta ijitenge na Kanada alishika nafasi ya tatu. Hakushinda, lakini alisikika.

USHURU WA KANOLA

Kama mtu anataka kujua ni kitu gani kinachowafanya wakulima wa karne hii wawaze kama babu zao wa mwaka 1921, na atazame zao la kanola. Huu ni mmea wenye maua ya manjano, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia. Pamoja na ngano na shayiri, ndio uchumi wa mashamba ya jimbo hili, na China ni mnunuzi wake mkubwa.

Katika Oktoba 2024 serikali ya Kanada iliweka ushuru wa asilimia 100 juu ya magari ya umeme yatokayo China, ili kuvikinga viwanda vya magari ambavyo vingi viko Ontario. Machi 2025 China ilijibu kwa ushuru wa asilimia 100 juu ya mafuta na mashudu ya kanola. Kisha tarehe 12 Agosti, siku sita tu kabla ya uchaguzi mdogo, ikatangaza tozo ya asilimia 75.8 juu ya mbegu zenyewe. Mazao yalikuwa yangali shambani, karibu kuvunwa.

Msomaji ataona mwenyewe jinsi historia inavyojirudia. Kiwanda kilicho mashariki kinakingwa. Shamba lililo magharibi linalipa. Hatusemi kwamba serikali ilikusudia hivyo, wala hatusahau kwamba Waziri Mkuu Carney alikwenda Beijing katika Januari 2026, na mapatano ya kupunguza ushuru huo yakatangazwa, huku Kanada nayo ikikubali kuingiza idadi fulani ya magari ya China. Twasema tu kwamba mkulima wa Stettler au Wainwright hahitaji kuelezwa siasa ya biashara ya kimataifa. Huiona katika bei ya gunia lake.

NANI AMEMPATA NANI?

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lote. Jimbo la aina hii lina shida mbili zisizolingana. Chama kinachoshindwa hapa kila mara hakioni sababu ya kulihangaikia, kwa kuwa hakina cha kupata. Na chama kinachoshinda kila mara hakioni sababu ya kulibembeleza, kwa kuwa hakina cha kupoteza. Alberta nzima ina viti 37 kati ya 343. Sauti ya jimbo moja la vijijini, hata ikiwa ya watu 40,000 walioandika jina moja kwa mikono yao, inaweza kupotea hewani.

Mwezi wa Septemba 2025 Poilievre alirudi bungeni akiwa mbunge wa Battle River–Crowfoot na kiongozi wa upinzani. Kwa upande mmoja, wakulima wa Hanna na wafanyakazi wa Hardisty walipata msemaji asiyeweza kunyamazishwa kwa urahisi. Kwa upande mwingine, walipata mbunge mwenye nchi nzima ya kuizunguka, ambaye saa zake si zao peke yao. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa hapa amefanya wajibu wake: amefungua mlango, ametandika kitanda, na mwanawe mwenyewe amemwachia mgeni nafasi.

Jibu letu basi kwa swali la mwanzo ni hili. Kiti cha uhakika ni udhaifu wa mpiga kura maadamu chama kinaamini kwamba uhakika huo ni wa milele. Huwa nguvu yake siku ile chama kinapokumbuka miaka ya 1921, 1935, 1958 na 1993. Kiongozi alipata alichokihitaji kwa siku moja ya Agosti. Watakachokipata wananchi kitahesabiwa kwa miaka: katika bei ya kanola, katika mabomba ya mafuta, na katika shule na hospitali za miji midogo. Na wao ni watu wenye kumbukumbu ndefu.